Video inakwama, sauti inachelewa, rangi zimepauka: tafuta tatizo lilikozaliwa

Mwanafunzi mmoja wa uhariri aliongeza RAM kwenye kompyuta yake mara mbili kwa sababu video ilikuwa inakwama kila akibonyeza kitufe cha kucheza. RAM ikaongezeka, video ikaendelea kukwama. Siku aliyoniletea ile kompyuta sikufungua hata programu ya kuhariria. Nilichukua klipu moja, nikaiburuta ndani ya MediaInfo, programu inayoonyesha undani wa faili, nikasoma maneno matatu: H.265, biti 10, 4:2:2, yaani namna video ilivyobanwa na wingi wa rangi ilizobeba. Kadi yake ya picha haikuwa na uwezo wa kufungua video ya aina hiyo, kwa hiyo mzigo wote uliangukia prosesa, nayo ikazidiwa. Tatizo lilizaliwa kwenye menyu ya kamera siku ya kurekodi. RAM ilisingiziwa tu.

Dalili ya mvua ni mawingu, ila kwenye uhariri mawingu hutanda mbali na mahali mvua inaponyesha. Video hupita kwenye kamera, kadi ya kumbukumbu, diski, programu, taimulaini (ubao wa kupangia klipu), kurenda (kutoa faili la mwisho), kisha mtandao unaoipokea. Kosa la kamera linaweza kukaa kimya mpaka ufike kwenye taimulaini, na la taimulaini likasubiri mpaka umeshamaliza kurenda. Ndiyo maana mtu akiniambia video inamsumbua, humuuliza: mara ya mwisho uliiona nzima katika hatua gani?

Akikosa jibu, tunafanya majaribio matatu ya dakika chache. Cheza faili la asili kwenye VLC, programu ya kutazamia video, nje ya programu ya kuhariria. Fungua mradi mpya mtupu uweke klipu hiyohiyo peke yake. Renda sekunde kumi tu za sehemu inayosumbua. Faili likiwa bovu tangu VLC, kosa ni la kurekodi au la kunakili. Likiwa zima VLC na zima kwenye mradi mtupu, kosa limo ndani ya mradi wako: efekti, mipangilio, au wingi wa tabaka. Vyote vikiwa vizima na lililorendwa likawa bovu, basi ni kurenda. Bila majaribio hayo utashinda mtandaoni ukitafuta dawa ya ugonjwa usioujua.

Video inakwama ukiwa unahariri

Kwanza nijibu swali ninaloulizwa kila mara: mbona VLC inaicheza bila shida, halafu programu ya kuhariri inakwama? H.264 na H.265, kodeki (namna za kubana video) ambazo ndizo simu na kamera nyingi hutumia, hazihifadhi kila picha kamili. Huhifadhi fremu moja nzima, kisha zinazofuata huandikwa kama tofauti tu: hapa mkono umesogea, pale jicho limefumba. Ukitaka kuona fremu ya kumi na nne ya kundi hilo, kompyuta inaanzia kwenye ile fremu nzima na kupiga hesabu kuja mbele. Mtazamaji anakwenda mbele tu, hivyo hesabu inatiririka. Mhariri anaruka, anarudi nyuma, anakata katikati, anapanga tabaka tatu, moja juu ya nyingine. Kila mruko ni hesabu mpya.

Anza kwa kuzima efekti zote za klipu inayosumbua. Ikitembea vizuri, umeshampata mkosaji, na mara nyingi ni efekti ya kuondoa chengachenga au ya kutuliza mtikisiko. Renda sehemu hiyo pekee ndani ya taimulaini uendelee na kazi. Kushusha ubora wa kuchezea hadi nusu au robo nako kunasaidia, wala hakugusi faili la mwisho, lakini kunapunguza zaidi mzigo wa efekti kuliko mzigo wa kodeki. Kama umeshusha hadi robo na hakuna kilichobadilika, hiyo yenyewe ni habari.

Klipu ikikwama hata ikiwa tupu, inakili kwenye SSD ya ndani ya kompyuta. Ikitembea, shida ni diski ya nje au waya wake. Hapa watu hukosea upande wa pili: wamesikia kwamba ProRes, kodeki isiyobana sana, ni rahisi kuhariri, wakageuza klipu zote, kisha wakashangaa zinakwama vilevile. ProRes ni nyepesi kwa prosesa lakini ni nzito kwa diski. ProRes 422 ya 4K yenye fremu 30 hula karibu megabiti 590 kwa sekunde, na upeo wa USB 2.0, hata kwenye karatasi, ni megabiti 480. Nimeona SSD nzuri kabisa ikilaumiwa, kumbe imechomekwa kwa waya wa kuchajia simu.

Ikikwama hata kwenye SSD ya ndani, ikiwa tupu, kodeki ndiyo mzizi, na dawa yake ni proksi. Proksi ni nakala nyepesi ya kila klipu ambayo programu huitumia wakati wa kuhariri, kisha ikarudi kwenye faili la asili wakati wa kurenda. Tengeneza za ProRes Proxy au DNxHR LB kwa 1080p. Kwa fremu 30, ProRes Proxy ya ukubwa huo ni kama megabiti 45 kwa sekunde, yaani gigabaiti 20 hivi kwa kila saa ya klipu, basi hesabu nafasi kabla hujaanza. Na kabla ya kurenda hakikisha programu haijaachwa ikitumia proksi. DaVinci Resolve ina kisanduku cha kurenda kwa proksi, na Final Cut Pro itatoa kazi yako kutoka kwenye proksi kama umeacha kioo cha kutazamia kwenye hali hiyo. Picha hutoka imefifia, nawe unaanza kulaumu bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde).

Yule mwanafunzi wa RAM, kwa taarifa yenu, alitengeneza proksi usiku akiwa amelala. Asubuhi akahariri bila kukwama hata mara moja.

Midomo na sauti haviendani

Vua hedifoni za Bluetooth. Najua inaonekana kama utani, lakini Bluetooth huchelewesha sauti, na kuna watu wamesogeza sauti ya mradi mzima fremu tano mapema ili ifuate hedifoni zao, wakatoa video ambayo kila mtazamaji anaiona mbovu isipokuwa wao. Chomeka za waya, usikilize tena.

Bado haviendani? Tazama dakika ya kwanza, kisha uruke hadi dakika ya mwisho. Tofauti ikiwa ileile mwanzo na mwisho, sauti imesogea tu: iburute mpaka ikae sawa, yamekwisha. Lakini ikiwa mwanzoni vinaendana, katikati vinapishana kidogo, na mwishoni mtu anafumba mdomo huku bado anaongea, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Kusogeza hakutauponya, kwa sababu ukirekebisha mwisho utaharibu mwanzo.

Chanzo kikubwa cha tofauti inayokua ni simu, pamoja na programu za kurekodi skrini. Kamera za simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zikiwa kazini. Mwanga ukipungua, simu inapunguza fremu ili picha isiwe giza. Mwanga ukirudi, inaziongeza. Umeandikiwa 30, kumbe ndani mna 30 hapa, 24 pale, 27 kwingine. Sauti yenyewe inakwenda kwa mwendo mmoja. Programu nyingi za uhariri zinatarajia mwendo usiobadilika, na hapo ndipo picha na sauti zinapoachana njia. Kwenye MediaInfo tafuta mstari wa "Frame rate mode". Ukisoma "Variable", umeufikia mzizi.

Dawa ni kugeuza klipu kabla hujaikata. HandBrake ni ya bure: chagua "Constant Framerate", andika idadi ileile ya fremu unayoitaka, shusha namba ya RF (ya ubora) hadi 16 au karibu na hapo ili ubora usipotee, kisha utumie faili jipya. Ukishakata vipande mia mbili ndipo ukagundua, utaugulia, maana mikato inaweza kuhama ukibadilisha faili chini yake. Safari ijayo rekodi kwa programu ya simu inayofunga idadi ya fremu na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga), kama Blackmagic Camera.

Chanzo cha pili ni kifaa cha kurekodia sauti kilichokuwa kando ya kamera. Saa za vifaa viwili hazilingani kabisa, na kwenye rekodi ya saa nzima tofauti ya fremu kadhaa si ajabu. Kata sauti pale mtu anaponyamaza kuvuta pumzi, uilinganishe upya kila baada ya dakika kumi na tano. Hakuna atakayejua.

Chanzo cha tatu ni fremu 29.97 kwa sekunde. Namba hii ilitokana na televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, ambako mafundi walipunguza fremu 30 kwa takriban sehemu moja ya elfu ili ishara ya rangi isigongane na ya sauti. Televisheni zile zimeshageuka vyuma chakavu, namba yao bado tunaibeba. Ukiilazimisha programu isome klipu ya 29.97 kana kwamba ni 30, huku sauti imerekodiwa kando, utapoteza sekunde moja kwa kila elfu. Kwenye mahojiano ya dakika 40 hizo ni sekunde 2.4. Jina la utani la dalili hii darasani kwangu ni "filamu ya kutafsiriwa".

Sauti ipo kwangu, kwao haipo

Hili lilinipata mwenyewe. Mahojiano ya dakika nane, sauti safi kwenye hedifoni, muziki umekaa chini kwa adabu. Nikatuma. Haikupita saa, mteja akapiga: "Kaka, muziki nausikia vizuri, ila huyu mtu anachezesha midomo tu, haongei."

Nikafungua faili lilelile kwenye simu yangu. Kweli, kimya. Nikachomeka hedifoni kwenye simu hiyohiyo: sauti ikarudi. Nilikaa na hilo jambo robo saa nzima kabla sijakumbuka kwamba mikrofoni ya XLR ilikuwa imeunganishwa kwenye tundu dogo la stereo la kamera kwa adapta ya kawaida. Waya wa XLR hubeba sauti mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa, na kifaa kinachoutegemea hujua namna ya kuzikusanya. Kamera yangu haikujua. Ilirekodi moja kushoto na iliyopinduliwa kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata yake, kwa hiyo unasikia. Spika moja ya simu inazijumlisha, na kitu ukikijumlisha na kinyume chake unapata sifuri. Muziki ulibaki kwa sababu haukupitia waya ule.

Tiba ilichukua sekunde thelathini: kutupa upande mmoja, na kuufanya uliobaki usikike kushoto na kulia. Tangu siku hiyo sirendi kazi yoyote bila kuisikiliza kwanza kwa mono, yaani pande zote mbili zikijumlishwa kuwa moja. Tiba hiyohiyo ndiyo ya sauti inayosikika sikio moja tu, ambayo husababishwa na mikrofoni ya mono kurekodiwa kwenye upande mmoja wa stereo.

Kuhusu sauti kuwa ndogo, usiamini masikio yaliyochoka saa sita za usiku. Tumia kipimo cha LUFS, kinachopima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoisikia. YouTube hushusha chochote kilichozidi kiasi cha -14, televisheni zinazofuata kanuni ya EBU R 128 hutaka -23, na kilele kisivuke -1 dBTP. Kama maneno hayasikiki juu ya muziki, shusha muziki kabla ya kupandisha maneno. Na sauti iliyopasuka kwenye rekodi, ile ambayo mawimbi yake yamekatwa vichwa kama uzio, haiponi kwa kushusha kitelezi: kilichokatwa hakipo tena. Isipokuwa kama ulirekodi kwa biti 32 za desimali (32-bit float). Hapo shusha tu, itarudi.

Rangi zimepauka, au zimeungua

Picha ikiwa ya kijivu tangu ulipoiingiza, haina weusi wala weupe, huenda kamera ilikuwa kwenye Log. Hiyo si hitilafu. Log huibana picha ili mwanga mkali na vivuli vyote viingie, nawe unatakiwa kuifungua kwa LUT (faili la kugeuza rangi) au kwa kugeuza nafasi ya rangi. Kosa la wanaoanza ni kuchukua LUT yoyote iliyopakuliwa mahali: LUT ya S-Log3 ya Sony juu ya C-Log3 ya Canon itakupa ngozi za ajabu, kisha utamaliza siku nzima ukizirekebisha kwa mikono.

Picha ikiwa imeungua, anga jeupe pepe na nyuso zinang'aa, na klipu imetoka kwenye iPhone 12 au ya baadaye, karibu hakika ni HDR (video yenye mwanga mpana zaidi) imewekwa kwenye taimulaini ya Rec. 709 (rangi za video ya kawaida). Kwenye simu yenyewe inapendeza kwa sababu kioo chake kinaijua HDR. Washa usimamizi wa rangi wa programu ili iibane vizuri, au kabla ya kurekodi zima HDR kwenye mipangilio ya kamera. Mimi humwambia anayeanza aizime. Atarudi kwayo akishajua anachokifanya.

Dalili inayowatesa wengi zaidi ni ya tatu: kwenye programu rangi zimekolea, baada ya kurenda zimepauka. Kabla hujagusa kitu, rudisha faili lililorendwa ndani ya mradi uleule, liweke juu ya taimulaini, liwashe na kulizima. Likilingana na la chini yake, faili lako ni zima na kinachotofautiana ni programu ya kuchezea. Hii hutokea sana kwenye Mac, ambako QuickTime huonyesha Rec. 709 kwa wepesi zaidi kuliko programu nyingi za uhariri. Usikimbilie kuongeza kontrasti ili kuifurahisha QuickTime, maana kwenye simu na televisheni za watu wengine utakuwa umezamisha vivuli vyote.

Likitofautiana hata ndani ya mradi, kagua viwango vya picha. Video ya kawaida ya biti 8 huweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235, na kompyuta hupenda 0 hadi 255. Mmoja akimwelewa mwenzake vibaya, weusi unageuka kijivu, au kinyume chake, nywele nyeusi zinageuka doa moja. Acha mpangilio huo kwenye "Auto" isipokuwa una sababu.

Na jicho lako nalo ni kifaa. Zima True Tone (inayobadilisha rangi za skrini kulingana na mwanga), zima hali ya usiku, na utazame skopu (grafu za mwanga na rangi). Skopu haichoki wala haizoei.

Kurenda kunakatika

Ujumbe wa kosa wenyewe mara nyingi hausemi kitu cha maana. Soma mahali kazi iliposimama. Ikisimama kila mara pale pale, kuna klipu au efekti mahali hapo. Ikisimama kila mara mahali tofauti, fikiria joto, kumbukumbu au draiva ya kadi ya picha. Faili likifia kwenye gigabaiti 4, diski yako ina mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi hapo. Iandae upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kazi yangu moja ilikuwa inakatika kwenye asilimia 62, usiku kucha. Nikaigawa nusu: nusu ya kwanza ikapita, ya pili ikakwama. Nikaigawa ya pili tena nusu, na tena, mpaka nikabaki na sekunde nne zenye picha mnato moja, pikseli elfu tisa na ushei kwa upana, iliyowekewa mwendo wa kusogea taratibu. Kadi ya picha haikuwa na kumbukumbu ya kuibeba pamoja na mengine yote. Nikaipunguza hadi pikseli 4,000, nikarenda, nikalala. Kugawa nusu kwa nusu kunaonekana kunapoteza muda, ila taimulaini ya saa nzima unaifikisha chini ya dakika moja kwa kugawa mara sita.

Ukikosa mkosaji hata hapo, badilisha njia ya kurenda kutoka kadi ya picha kwenda prosesa. Itachukua muda mrefu zaidi lakini aghalabu inafika.

Imerendwa safi, imepakiwa imejaa ukungu

Linganisha faili lililoko kwenye diski na lililoko mtandaoni. La kwenye diski likiwa na ukungu pia, angalia bitireti. Kwa 1080p ya fremu 24 hadi 30, YouTube yenyewe hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde, 12 kwa fremu 60, na 35 hadi 45 kwa 4K ya fremu 24 hadi 30. Hesabu ya ukubwa ni rahisi: zidisha bitireti kwa sekunde, gawanya kwa 8. Megabiti 8 ni megabaiti 60 kwa dakika. Ukitoa dakika kumi ukapata megabaiti 90, hujatuma video, umetuma ukungu.

La kwenye diski likiwa safi, subiri kwanza. YouTube huandaa ubora wa chini mapema na wa juu baadaye, na wengi hufuta na kupakia upya kazi isiyo na kosa. Kama unamtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama video itabanwa.

Ukungu mwingine umo kwenye taimulaini. Ukikuza klipu ya 1080p kwa asilimia 200, kilichobaki machoni ni pikseli 960 kwa 540, na hakuna bitireti itakayoleta zilizosalia.

Mwendo unarukaruka

Klipu ya fremu 25 kwenye taimulaini ya 30 hulazimisha programu irudie fremu tano kila sekunde, na jicho huliona hilo kamera inapozunguka. Chagua kasi ya fremu ya mradi kabla ya kuingiza chochote. DaVinci Resolve huifunga ukishaanza. Mwendo wa taratibu unaogugumia sababu yake ni hiyohiyo: ulirekodi fremu 30, ukapunguza kasi nusu, sasa una 15 za kweli. Fremu 60 kwenye taimulaini ya 30 zinashuka hadi asilimia 50 bila kurudia hata moja. Taa zinazopepesa ni kosa la shata: kwenye umeme wa 50 Hz tumia 1/50 au 1/100, kwenye 60 Hz tumia 1/60 au 1/120.

Kioo chekundu cha "Media Offline"

Hakuna kilichopotea, isipokuwa wewe ndiye uliyefuta. Mradi hauna video ndani yake, una anwani tu za mahali video zilipo. Ulihamisha folda, ulibadilisha jina, au diski ya nje haijachomekwa. Onyesha programu faili moja, na kwa kawaida itayapata mengine ya folda hiyo yenyewe. Usihariri kamwe moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera. Kwa wa DaVinci Resolve: mradi wako umo kwenye hifadhidata ya programu, kwa hiyo kunakili folda ya video hakunakili mradi, utoe kama faili la .drp.

Programu ikizimika yenyewe kila ukifungua mradi fulani, fungua mpya na uingize ule wa zamani ndani yake, futa kashe (mafaili ya muda ya programu), kisha ujaribu nakala ya jana. Mradi mmoja ukizimika ni mradi. Yote ikizimika ni draiva au programu.

Vyote vizima, lakini haivutii

Hili nalo huletwa kwangu kama hitilafu ya kiufundi. "Mwalimu, nimeweka transisheni zote, bado ina kitu." Utaratibu ni uleule wa kurudi hatua nyuma. Toa transisheni zote. Mara nyingi mikato inaonekana kuruka kwa sababu picha mbili zinazofuatana ni za mtu yuleyule, ukubwa uleule, pembe ileile. Kamera ingesogea angalau nyuzi 30, au katikati pangewekwa picha ya mikono yake, jicho lisingestuka. Kama huna picha hiyo, kosa lilizaliwa siku ya kurekodi, na transisheni inalifunika tu.

Kama picha ziko sawa na bado inachosha, tazama mahali sauti inapokatwa. Wanaoanza hukata picha na sauti kwa pamoja kila mara, na masikio huchoka kabla ya macho. Iache sauti ya anayefuata ianze nusu sekunde kabla ya uso wake, au ya aliyemaliza ikawie juu ya uso wa anayemsikiliza. Kisha cheza video yote ukiwa umezima sauti, uandike kwenye karatasi dakika na sekunde ambapo umetazama pembeni. Icheze tena ukiwa umeipa skrini kisogo, ukisikiliza tu, uandike ambapo umepoteza mazungumzo. Sehemu zilizoandikwa mara zote mbili, kata.